Masega ya gari na joto: jinsi ya kuyalinda, kuyapima na kujua kilichoyaua

Taa ya cheki injini imewaka, fundi amechomeka mashine, mashine imetoa P0420, yaani kodi (namba ya kosa) inayosema masega (catalytic converter, kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi) hayafanyi kazi ipasavyo. Katika gereji nyingi, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Mwanza, utaambiwa moja kati ya mawili: tuyatoe masega, au ukatafute mengine. Yote mawili yanaruka swali lenye pesa ndani yake: haya yaliyopo yameuawa na nini? Masega hayana kitu kinachozunguka wala kusuguana. Hayachakai kama bushi au pedi za breki. Karibu kila mara huharibiwa na kitu kilichotoka ndani ya injini, na mharibifu mkuu ni joto. Ukifunga mapya kabla ya kutibu injini, nayo yatafuata njia ileile, safari hii kwa fedha yako.

Maelezo haya ni ya magari ya petroli, hasa haya ya Kijapani yaliyojaa barabarani kwetu. Dizeli ina mambo yake mengine.

Kilichomo ndani, na joto linavyokiharibu

Ndani ya lile gamba la chuma kuna jiwe la kauri, mara nyingi kordieriti, lenye vijia vyembamba vilivyonyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Masega ya kawaida yana vijia 400 kwa kila inchi ya mraba. Mengine, hasa yaliyofungwa karibu na injini, yana 600 au hata 900. Kuta za vijia zimepakwa alumina yenye vinyweleo vingi mno, kiasi kwamba gramu moja ikiwa mpya ina eneo la zaidi ya mita 100 za mraba. Juu yake zimetawanywa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu, kila chembe ikiwa na upana wa nanomita chache tu. Gari zima lina gramu chache za madini hayo. Pamoja nayo kuna seria iliyochanganywa na zirkonia, ambayo hushika oksijeni pale hewa inapozidi na kuiachia pale mafuta yanapozidi.

Haya yote kwa pamoja hugeuza monoksidi ya kaboni kuwa kaboni dayoksidi, petroli isiyoungua kuwa maji na kaboni dayoksidi, na oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni ya kawaida. Kazi huanza joto likifika nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na maisha ya kila siku ya masega ni kati ya nyuzi 400 na 800. Kwa hiyo joto wanalihitaji mno wale wanaotaka masega yafanye kazi. Balaa ni likipitiliza.

Likikaribia nyuzi 900, chembe za madini huanza kutembea na kuungana. Umeona matone madogo ya mafuta juu ya mchuzi yanavyokutana na kuwa tone moja kubwa: mafuta ni yaleyale, lakini sehemu yanayofunika imepungua. Chembe iliyokuwa na nanomita chache inafika makumi ya nanomita. Madini yamebaki yote mle ndani, na mnunuzi wa chuma chakavu bado atayalipia, ila sehemu kubwa imejificha katikati ya donge na gesi haiifikii tena.

Joto likivuka nyuzi 1,000, alumina yenyewe hubadili umbo. Vinyweleo hujifunga, zile mita za mraba mia na kitu zinashuka hadi chache kwa gramu, na madini yaliyokuwa ndani ya vinyweleo yanazikwa humo. Watengenezaji huongeza lanthanamu au bariamu kwenye alumina, na huchanganya seria na zirkonia, ili kuchelewesha mambo haya. Wanachelewesha, hawazuii. Ikifika karibu na nyuzi 1,450, kordieriti huyeyuka. Hapo vijia vinajiziba na gari halivuti.

Jambo ambalo wamiliki wengi hawalijui ni jinsi uharibifu unavyopanda kwa kasi kuliko joto lenyewe. Kanuni za Marekani za kuzeesha masega maabara, na za Ulaya pia, hutumia mlinganyo unaobadilisha muda katika joto moja kuwa muda katika joto jingine. Ukiupiga hesabu kwa kigezo chao cha 17,500, saa 1 kwenye nyuzi 900 inazeesha masega sawa na saa 4 kwenye nyuzi 800, au kama saa 21 kwenye nyuzi 700. Saa 1 kwenye nyuzi 1,000 ni sawa na saa 13 hivi kwenye 800, na karibu saa 70 kwenye 700. Sasa fikiria mtu anayetoka Morogoro kwenda Dodoma injini ikiwa na misi (silinda inayoshindwa kuwasha), anasema "nitaitengeneza nikifika". Safari hiyo moja inaweza kula maisha ambayo gari lingeyamaliza kwa miaka.

Hali ya gesi nayo ina mchango wake. Joto kali likiambatana na hewa ya ziada hudhuru kuliko joto hilohilo bila hewa, na rodiamu ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa huingia ndani ya alumina na kunaswa. Ndiyo sababu kompyuta za magari ya kisasa huwa makini na kukata mafuta ghafla dereva anapoachia pedali wakati masega yamewaka moto.

Hatua ya 1: Itazame taa inavyowaka

Taa inayowaka tuli inakupa muda wa kwenda gereji. Taa inayopepesa inasema kitu kingine kabisa: kompyuta imehesabu misi za kutosha kuharibu masega, na uharibifu unaendelea sasa hivi. Hii ni sehemu ya mfumo wa OBD II, wa gari kujichunguza lenyewe, uliokuwa lazima kwa magari ya Marekani kuanzia 1996. Ikipepesa, achia pedali, punguza mwendo, usipandishe mlima kwa nguvu, na ukipata mahali salama zima. Kuvutwa hadi gereji ni nafuu kuliko masega.

Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani laweza lisipepese kabisa. Kwa hiyo tegemea pia mwili wako: injini inatetemeka kwenye sailensa (ikinguruma bila kukanyaga mafuta), gari linasitasita ukikanyaga mafuta, kuna harufu ya petroli mbichi nyuma, au harufu ya mayai yaliyooza isiyoisha.

Hatua ya 2: Soma kodi zote kabla ya kufuta hata moja

Mafundi wengi hufuta kwanza "tuone kama itarudi". Wakifuta, wamefuta na kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: mwendo, mzigo, joto la injini, urekebishaji wa mafuta. Piga picha ya kila ukurasa wa mashine kwa simu yako.

Kisha zishughulikie kwa mpangilio. P0300 hadi P0304 ni misi, nazo huja mbele ya kila kitu. P0171 ni hewa kuzidi, P0172 ni mafuta kuzidi; hizi zinafuata. Kodi za sensa za oksijeni zinakuja baadaye. P0420 ni ya mwisho, hata kama ndiyo iliyoandikwa juu kabisa kwenye kioo cha mashine. Fundi anayeanza na P0420 wakati P0302 ipo hapohapo, mbadilishe.

Hatua ya 3: Komesha misi

Hapa ndipo joto linapotoka, kwa hiyo tukae kidogo.

Silinda ikishindwa kuwasha, inatoa vitu viwili kwenye ekzosi kwa wakati mmoja: petroli ambayo haikuungua, na hewa ambayo haikutumika. Viwili hivyo vinakutana juu ya masega yenye joto na kuungulia palepale. Kazi iliyopaswa kufanyika ndani ya silinda imehamia ndani ya kauri. Kwenye injini ya silinda nne, silinda moja ikifa kabisa, robo ya petroli yote inakwenda kuungulia huko, na joto linavuka nyuzi 1,000 bila shida. Mbaya zaidi, sensa ya mbele (ya oksijeni, iliyo kabla ya masega) inaona ile hewa ya ziada, inaiambia kompyuta kwamba mafuta ni pungufu, na kompyuta inaongeza mafuta.

Wengi huamini mafuta mengi peke yake ndiyo huchoma masega. Si hivyo hasa. Petroli iliyozidi bila hewa haina cha kuunguzia. Kwa kweli watengenezaji huongeza mafuta kwa makusudi pale injini inapobeba mzigo mkubwa, ili kupoza gesi. Hatari ni mafuta yaliyozidi yanapokutana na hewa, ama ya misi, ama inayoingia kwenye ufa wa manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda).

Anza na plagi. Chomoa zote nne, zipange mezani kwa mpangilio wa silinda, uzilinganishe. Plagi za iridiamu zimekusudiwa kufika kama kilomita 100,000. Feki zilizojaa madukani hazifiki hata karibu na hapo, na nyingi ni za namba isiyo ya injini yako. Hakikisha namba na mwanya ni kama kitabu cha gari kinavyosema. Rangi nyekundu kama kutu kwenye ncha mara nyingi hutokana na dawa za kuongeza oktani zenye chuma au manganizi. Dawa hizo hutua kwenye masega vilevile.

Kisha hamisha koili (inayoipa plagi umeme). Koili ya silinda inayomisi ipeleke silinda nyingine, uone kama misi inaifuata. Ikibaki palepale, hamia kwenye nozo (inayomwagia silinda petroli), halafu kompresheni (mgandamizo wa silinda).

Na hapa kuna zoea moja la gereji zetu linalostahili kuachwa. Fundi anataka kujua silinda ipi imelala, anachomoa koili mojamoja injini ikiunguruma na kusikiliza. Enzi za kabureta na magari yasiyo na masega jambo hilo halikuwa na madhara makubwa. Leo, kila sekunde koili imechomolewa, nozo inaendelea kumwaga petroli, na yote inakwenda kwenye masega. Chomoa soketi ya nozo badala ya koili. Silinda italala vilevile na utapata jibu lilelile, ila petroli haitamwagwa. Au tumia mashine inayoonyesha idadi ya misi kwa kila silinda, usichomoe chochote.

Hatua ya 4: Angalia oili inakwenda wapi

Oili haichomi masega kwa joto kama misi, lakini inayadhoofisha ili joto liyamalize mapema. Fosforasi na zinki za viungo vya kuzuia msuguano hutua kama tabaka la kioo kwenye sentimita za mwanzo za jiwe. Sehemu ya mbele ikizibwa, kazi inasukumwa nyuma, na masega huchukua muda zaidi kuamka asubuhi.

Injini inayokula lita moja kila kilomita elfu moja au mbili haina haki ya kufungiwa masega mapya. Injini za mwanzo za Toyota za 1ZZ-FE, zilizo kwenye Corolla na RAV4 nyingi za miaka ya 2000, zinajulikana kwa ringi za oili zinazokwama. Tibu ringi na sili za valvu kwanza.

Kuhusu aina ya oili: viwango vya ILSAC (vya oili za injini za petroli) tangu GF-4 ya 2004 vimeweka kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 kwa ajili ya kulinda masega, lakini kikomo hicho ni cha oili nyepesi kama 0W-20, 5W-20, 5W-30. Oili ya 20W-50 tunayoipenda haibanwi nacho, wala oili za malori ya dizeli. Kumwekea Vitz 20W-50 "kwa sababu ya joto la Dar" si kuilinda. Fuata kitabu.

Maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja nje nayo ni dalili: gasketi ya silinda hedi inapitisha kulanti kwenye ekzosi, na silikati zake hubaki kwenye jiwe. Silikoni ya kuzibia isiyofaa kwa sensa hufanya vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Tafuta ufa kabla ya sensa

Injini ikiwa ya baridi, iwashe na usikilize tiki-tiki kwenye manifoldi na gasketi zake. Weka mkono karibu, usiguse. Ufa kabla ya masega unavuta hewa ndani kati ya mapigo ya gesi: unadanganya sensa, unaongeza mafuta, na unapeleka hewa ya kuyaunguzia. Ufa mdogo unaweza kuleta P0420 kwenye masega mazima kabisa. Ni gasketi ya bei ndogo, na watu wameshanunua masega kwa ajili yake.

Hatua ya 6: Sasa pima masega

Injini iwe imepashwa moto vya kutosha. Shika mizunguko 2,500 kwa dakika kwa dakika tatu hivi, kisha tazama sensa ya nyuma (iliyo baada ya masega) kwenye mashine. Masega mazima huiacha ikitulia karibu na volti 0.6 au 0.7, ikisogea polepole. Ikiruka haraka kati ya 0.1 na 0.9, jiwe limepoteza uwezo wa kushika oksijeni. Usitegemee kulinganisha na sensa ya mbele kwenye Toyota za miaka ya 2000 na kuendelea: nyingi zina sensa ya aina ya A/F (ya uwiano wa hewa na mafuta), ambayo haionyeshi mruko wa namna hiyo.

Kama malalamiko ni gari kukosa nguvu, pima msukumo wa nyuma. Fungua sensa ya mbele, funga geji mahali pake. Injini ikiwa kwenye sailensa, geji ikisoma chini ya psi 1.25, na kwa mizunguko 2,500 haivuki psi 3, njia iko wazi. Zaidi ya hapo kuna kizuizi, na mara nyingi ni jiwe lililoyeyuka au lililovunjika na kujilaza kwenye njia.

Geji ya vakyumu nayo hufaa kama hutaki kugusa sensa. Kwenye usawa wa bahari, injini nzima ikinguruma taratibu husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Panda hadi mizunguko 2,500 na ushike: kama sindano inashuka polepole bila kukoma, gesi haipati pa kutokea. Ukiwa Nairobi au Mbeya ondoa inchi 5 hadi 6 kwenye namba hizo, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Fundi aliyejifunzia Mombasa akihamia Nairobi na kusahau hilo ataihukumu injini iliyo nzima kuwa mbovu.

Kipima joto cha miale hutumiwa sana: kupima mbele na nyuma ya masega na kulinganisha. Kinasaidia kidogo. Chuma kinachong'aa hukidanganya, kikasoma chini ya ukweli. Bado, ukiona gamba limekuwa jekundu gizani, huhitaji kipimo kingine.

Mwisho, gonga gamba kwa ngumi au nyundo ya mpira likiwa baridi. Likilia kama lina kokoto ndani, jiwe limevunjika.

Hatua ya 7: Yasome yaliyokufa kabla ya kuyatupa

Yakishafunguliwa, mulika tochi upande mmoja, tazama upande mwingine. Vijia vilivyozibana na kung'aa kama vimemwagiwa nta ni kuyeyuka: kulikuwa na misi kali. Uso wa mbele wenye ukoko wa kijivu au kahawia ni oili. Ukoko mweupe au wa kijani ni kulanti. Jiwe lililopasuka vipande visafi bila kuyeyuka limepigwa na maji ya baridi likiwa moto, jambo linalowapata wanaopita kwenye maji ya mafuriko, kama pale Jangwani, Dar es Salaam, mvua ikinyesha. Jiwe linaloonekana zima na safi kabisa, lakini sensa inasema limekufa, ndilo lililochoka kwa joto la muda mrefu: kuungana kwa chembe hakuonekani kwa macho.

Hilo la mwisho ndilo linalouziwa dawa za kusafisha masega. Dawa ya kumimina kwenye tangi inaweza kuondoa masizi. Haiwezi kuzitawanya upya chembe zilizoungana, wala kuifungua alumina iliyojifunga. Kuyaosha kwa sabuni na maji ya moto hakufanyi hivyo pia.

Kama masega yako yako palepale kwenye manifoldi, chunguza zaidi. Jiwe la hapo likianza kumomonyoka, unga wake unaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda wakati valvu zote mbili zimefunguka kidogo kwa pamoja. Unga wa kauri ukiingia huko unakwangua kuta, injini inaanza kula oili, na oili inamalizia masega. Ukiona hivyo pima kompresheni kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 8: Kununua na kufunga

Una njia tatu. Mapya ya kiwanda ni ghali na ndiyo bora. Mapya ya kampuni nyingine huwa na madini kidogo. Kwa gari lililobakiza miaka michache si uamuzi mbaya, mradi muuzaji aonyeshe kwamba yametengenezwa kwa injini yako, si yale ya "yanafaa magari yote". Mtumba kutoka gari lililokatwa ni bahati nasibu, lakini unaweza kuiboresha: mulika tochi, gonga, angalia gamba kama halina rangi ya bluu na zambarau ya kuungua, na uulize injini yake ilikuwa na hali gani. Jiwe lililotoka kwenye gari lililogongwa ni bora kuliko lililotoka kwenye gari lililokufa injini.

Badilisha gasketi zote mbili; usirudie za zamani kwa silikoni. Usikaze sensa kwa kulazimisha thredi, na usiweke grisi ya kawaida.

Uwashaji wa kwanza ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Jiwe limeshikwa ndani ya gamba na mkeka unaovimba ukipata joto, na kabla haujavimba jiwe halijabanwa vizuri. Acha injini ingurume taratibu dakika 5 hadi 10 bila kukanyaga mafuta, halafu endesha kwa upole siku hiyo.

Mazoea ya kila siku

Usiendeshe taa ya mafuta ikiwa imewaka muda mrefu. Pampu ikivuta hewa kwenye kona, injini inapiga misi, nawe hujui kwamba umelipa zaidi ya lita uliyoogopa kununua. Gari likigoma kuwaka, usilazimishe stata tena na tena, na usiwaite vijana walisukume umbali mrefu: petroli inarundikana, na likiwaka yote inaungua mle. Usiegeshe juu ya nyasi kavu, gamba linaweza kuziwasha. Mlima Kitonga wa barabara ya Iringa peke yake hauui masega ya injini nzima. Yalibuniwa kwa mzigo huo. Kitonga pamoja na koili mbovu ndiyo habari nyingine.

Petroli yetu si adui kama ilivyokuwa. Nchi za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa sumu kuu ya masega.

Kuhusu kuyatoa kabisa

Kutoa masega huondoa kizuizi, ni kweli, na kama yalikuwa yameyeyuka gari litachangamka. Lakini ugonjwa ulioyayeyusha bado upo, sasa unatoka nje kama moshi wenye monoksidi ya kaboni, na kodi itabaki labda wakudanganyie sensa. Kuna pia suala la nani anabaki na kilichotolewa. Mwaka 2021 rodiamu ilivuka dola 25,000 kwa aunsi, na ingawa bei ilishuka baadaye, wanunuzi wa masega hawajaacha kupita gereji. Fundi anayekutolea "bure" anajua analipwa na nani. Ukiamua kuyatoa, ondoka nayo.

Kabla ya kununua gari la mkononi, basi, liingize juu ya ramp au jeki yenye stendi, utazame chini. Gamba lenye mshono mpya wa kulehemu limeshafunguliwa na huenda ni tupu; ligonge, tupu hulia kama debe. Kisha mwombe muuzaji aliwashe likiwa la baridi, uchomeke mashine, na uangalie vipimo vya utayari (vinavyoonyesha kama kompyuta imemaliza kujichunguza). Kama kipimo cha masega kinasomeka "bado", kodi zilifutwa karibuni. Endesha hadi kikamilike, au punguza bei kwa kiasi cha masega mapya.